Kamera zirekodi kukiwa na mwendo tu: shajara ya mradi

Jumamosi

Kamera nne zimeshafungwa na zote zinaonesha picha: geti, mlango wa mbele, ua wa nyuma na ujia wa kando. Tatu za kwanza zinatumia kebo ya mtandao inayobeba na umeme wake humo humo. Ya ujiani ni ya betri. Kwa sasa hizo tatu zinarekodi saa 24, na diski ya terabaiti 1 imeelemewa. Hesabu yake haihitaji fundi: kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde inakula nusu megabaiti kila sekunde, gigabaiti 1.8 kwa saa, gigabaiti 43.2 kwa siku. Kamera tatu ni karibu gigabaiti 130. Siku ya nane haiishi kabla diski haijajaa na kuanza kufuta za mwanzo, na karibu kila kinachofutwa ni picha ya ukuta usiofanya lolote.

Ninachotaka ni kumbukumbu ya mwezi mzima kwenye diski hiyo hiyo.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nimeandika orodha mbili. Ya kwanza: mambo ninayotaka niweze kuyatafuta baadaye yakihitajika. Humo nimeweka karibu kila kitu kinachosogea ndani ya eneo letu, paka wa jirani akiwemo. Ya pili: mambo ninayotaka simu inilie papo hapo. Hiyo ni fupi sana: mtu ndani ya geti, mtu uani nyuma usiku, gari likiingia. Basi.

Orodha hizi mbili ndizo msingi wa kazi yote iliyobaki. Nimeona wengi wakisumbuliwa na simu usiku kucha, wakashusha wepesi wa kamera wa kuhisi mpaka simu ikanyamaza, na rekodi nazo zikanyamaza pamoja nayo. Siku kitu kinapotokea, hakuna picha. Mimi nataka rekodi iwe ya mkono wazi na arifa iwe ya mkono wa birika. Ni maamuzi mawili tofauti hata kama programu nyingi zimeyaweka kwenye kitufe kimoja.

Jumapili

Leo ni zamu ya kamera ya betri, kwa kuwa inahisi mwendo kwa njia yake. Nyingine hulinganisha picha na picha. Hii imelala muda wote na huamshwa na sensa ndogo ya joto. Sensa hiyo haitoi mwanga wala wimbi lolote. Inapokea tu miali ya infraredi inayotoka kwenye vitu vyenye joto. Kile kikombe cheupe cha plastiki kilicho mbele yake kina mikato inayogawa eneo katika vipande, na sensa hushtuka mwili wenye joto unapotoka kipande kimoja kuingia kingine.

Maana yake kwa mfungaji ni moja: mtu anayekatiza mbele ya kamera anaonekana upesi, anayeijia moja kwa moja anachelewa kuonekana, kwa sababu anaweza kutembea hatua kadhaa akiwa ndani ya kipande kile kile. Ujia wetu ni mwembamba na kamera ilikuwa mwisho wake, ikitazama urefu wote. Pembe nzuri kwa picha, mbaya kwa sensa. Nimeihamishia ukuta wa pembeni ili yeyote anayepita akatize. Mdogo wangu amepita mara ya kwanza na clipu imemwonesha kuanzia begani. Kabla ya hapo kamera ilikuwa ikiamka na kukuta mgongo.

Mawili ya kukumbuka kuhusu sensa hii. Haioni kupitia kioo cha dirisha, maana kioo huzuia infraredi ya joto la mwili, kwa hiyo kamera ya betri iliyowekwa ndani ikitazama nje itabaki kipofu mchana na usiku. Na siku ya joto kali, hewa na kuta zinapokaribia joto la ngozi, umbali wake wa kuhisi hupungua.

Jumatatu jioni

Sasa kamera tatu za kebo. Nimezima ugunduzi wa mwendo uliomo ndani ya kamera zenyewe na kuweka programu huria ya Motion kwenye kompyuta ndogo iliyo karibu na ruta. Kamera zenyewe zinaweza kazi hii, ila kila moja ina kitelezi cha 0 hadi 100 kisichosema kinapima nini. Motion inasema waziwazi: inahesabu pikseli (vidoti vinavyounda picha) zilizobadilika, na kizingiti chake cha kuanzia, yaani idadi inayokuja nayo ambayo ikipitwa rekodi huanza, ni pikseli 1500.

Namba hiyo haina maana mpaka ujue ukubwa wa picha. Kila kamera hutoa mikondo miwili: mkuu wenye picha safi na mdogo mwepesi. Kwa kugundua ninatumia ule mdogo wa 640 kwa 360, fremu (picha moja moja za video) 5 kwa sekunde. Mkuu unakwenda moja kwa moja diskini bila kufumuliwa, yaani bila kompyuta kuufungua picha kwa picha. Kompyuta ndogo inapumua namna hiyo. Picha ya 640 kwa 360 ina pikseli 230,400, hivyo 1500 ni chini kidogo ya asilimia 0.7. Nikamsimamisha mdogo wangu getini nikampima kwenye skrini: upana wa pikseli kama 20, urefu kama 60. Jumla 1200, tena hapo nimehesabu mstatili mzima na sijatoa nafasi iliyo kati ya miguu. Kwa kizingiti cha kuanzia, mtu anaweza kufungua geti letu, akasimama, akaondoka, na kamera isirekodi hata sekunde moja.

Getini nimeweka 400. Mlango wa mbele, ambako mtu anajaza nusu ya picha, 1500 ni kidogo mno, nimeweka 4000. Namba moja kwa kamera zote haifai, na nadhani hapa ndipo mipangilio mingi ya nyumbani inapoharibikia.

Ila kizingiti cha 400 kina gharama yake. Saa inayoandikwa kwenye kona ya picha hubadilika kila sekunde, na tarakimu zake zikitosha zinahesabiwa kuwa mwendo. Mti ulio kushoto kwa geti unahesabiwa. Barabara nje ya ukuta inahesabiwa, kila gari, kila mpita njia.

Jumanne

Leo sikugusa kompyuta kabisa mpaka jioni. Nilipanda ngazi.

Kamera ya geti ilikuwa inatazama juu mno. Theluthi ya picha ilikuwa anga na barabara. Nimeiinamisha mpaka ukingo wa juu wa picha ukae juu kidogo ya geti. Tawi lililokuwa likining'inia mbele ya kamera ya nyuma nimelikata. Taa ya ukutani iliyokuwa ikimulika lenzi kwa pembeni imegeuzwa. Rekodi za bure za geti zimepungua kwa kiasi ambacho hakuna kitelezi kingenipa, na picha yenyewe sasa ina uso wa mtu badala ya mawingu.

Jioni nikachora barakoa. Kwa Motion ni faili la picha la rangi mbili: palipo peupe panahisi, palipo peusi panapuuzwa. Nimeweka weusi kwenye saa ya kona, kwenye mti wa kushoto na kwenye kipande cha barabara kilichosalia. Nimejizuia nisipake weusi zaidi ya hapo. Kuna kishawishi cha kufunika kila kitu isipokuwa mlango, halafu mtu akiruka ukuta upande wa pili unabaki na picha yake akiwa ameshafika.

Jambo moja linalochanganywa mara nyingi: barakoa ya mwendo haifichi kitu. Inazuia tu eneo hilo lisianzishe rekodi. Mwendo ukianza kwingine, kila kilicho chini ya barakoa kinarekodiwa kama kawaida. Dirisha la jirani linaonekana pembeni mwa kamera ya nyuma, na hilo linahitaji barakoa ya faragha, ambayo huwekwa ndani ya kamera yenyewe na kuziba picha kabla haijatoka. Nimeliziba. Na sauti nimeizima kwenye kamera zote, kwa kuwa maikrofoni haijui mpaka wa kiwanja unaishia wapi. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya Ryneš, kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi muda wote na kufikia njia ya umma haiwezi kuitwa shughuli ya binafsi tupu ya kaya, hivyo sheria ya ulinzi wa data inaigusa. Kila nchi ina sheria zake, ila hoja ile inaeleweka popote.

Jumatano usiku

Usiku ni kamera nyingine kabisa.

Mchana kulikuwa na rekodi chache na zote zina sababu. Tangu giza liingie, kamera ya nyuma imetoa clipu mfululizo, na nyota wake ni nondo. Kamera inajimulikia kwa taa za infraredi zilizozunguka lenzi. Mdudu akipita sentimita chache mbele yake anang'aa kuliko kitu chochote kilichoko uani, na kwenye picha anakuwa mpira mweupe mkubwa kuliko mtu. Kupandisha kizingiti hakusaidii, maana mdudu ana pikseli nyingi kuliko mwizi. Halafu buibui, wanaofuata wadudu, wanajenga mbele ya lenzi, na uzi mmoja ukitikiswa na upepo unatosha kurekodi mpaka alfajiri.

Dawa niliyoichagua ni kutenganisha jicho na taa. Nimezima taa za infraredi za kamera hiyo na kufunga taa ya infraredi ya peke yake ukutani, hatua mbili kutoka kwenye lenzi. Wadudu wameifuata taa. Wanaopita mbele ya lenzi sasa hawamulikwi kwa karibu. Taa ni ya nanomita 850, ile ambayo ukiitazama unaona wekundu hafifu. Zipo za 940 zisizoonekana kabisa, ila kamera nyingi huona gizani vizuri zaidi kwa 850, na sina haja ya kujificha. Buibui atabaki kuwa kazi ya kitambaa kila baada ya muda.

Tatizo la pili ni magharibi na alfajiri. Mwanga ukipungua, kamera hubadilisha kutoka rangi kwenda nyeusi na nyeupe, kichujio cha infraredi kinasogezwa kwa mlio mdogo, na picha nzima inageuka kwa mara moja. Kwa kuhesabu pikseli, huo ni mwendo mkubwa kuliko wote wa siku. Motion ina kipengele cha lightswitch_percent: sehemu kubwa ya picha ikibadilika kwa pamoja, inachukulia ni taa imewashwa au kuzimwa na inapuuza fremu chache zinazofuata. Nimekiweka 60. Nisingekishusha sana, kwani mtu anayepita karibu na kamera ya mlango naye hubadilisha sehemu kubwa ya picha.

La tatu ni chenga. Gizani kamera huongeza nguvu ya kihisio chake na picha inajaa chembe zinazocheza, kila chembe ikiwa pikseli iliyobadilika. Mwanga zaidi ndio tiba. Kichujio cha chembe ndani ya programu ni cha kusaidia tu. Nimeweka pia kikomo cha 1/30 ya sekunde kwenye kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe hushusha kasi ili picha ing'ae, na mtu anayetembea anakuwa moshi.

Ijumaa

Leo nimetazama mianzo ya clipu. Mwanzo wa tukio ndio wenye thamani, na ndio kila mara unaokatwa.

Nimeongeza fremu za kabla ya mwendo. Katika Motion pre_capture huhesabiwa kwa fremu, si kwa sekunde, kwa hiyo kwenye fremu 5 kwa sekunde, 10 ni sekunde mbili. Bado clipu zilianza kwa kuchelewa. Sababu imekuwa kwenye kamera. Mkondo wa H.264, njia ya kubana video inayotumiwa na kamera hizi, hautumi picha nzima kila mara: hutuma fremu moja kamili, kisha mabadiliko tu mpaka fremu kamili inayofuata. Ukihifadhi mkondo bila kuufumua, rekodi lazima ianze kwenye fremu kamili. Kamera ilikuwa imewekwa itume moja kila sekunde nne, na hali ya kubana kwa akili, ambayo watengenezaji huisifu kwa kuokoa diski, ilikuwa inairefusha zaidi pale palipo kimya. Nimezima hali hiyo na kuweka fremu kamili kila sekunde. Faili zimenenepa kiasi. Mtu sasa anaonekana akishika komeo la geti.

Pengo la kufunga tukio, event_gap, lilikuwa sekunde 60. Nimelishusha hadi 20 kwa geti na kuliacha 60 kwa ua wa nyuma. Mtu anayesimama kimya si mwendo; ukiliweka fupi mno, tukio moja linakatwa vipande na kati yake kuna mashimo.

Jumapili

Rekodi zimekaa sawa. Arifa bado. Kuhesabu pikseli hakuwezi kutofautisha mtu na kivuli cha wingu, na mimi nilisema simu ilie kwa ajili ya mtu.

Nimehamia Frigate, nayo huria, kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi. Inaanza kwa kulinganisha pikseli vilevile, ila hiyo ni hatua ya kwanza tu: palipo na mwendo ndipo inapokata kipande cha picha na kuuliza modeli ya utambuzi kama kuna mtu, gari au mnyama. Kazi ya usanidi niliyoifanya kwa Motion haikupotea. Barakoa zimehamia karibu zilivyo.

Suala la mianzo kukatwa nalo limekwisha, kwani Frigate hurekodi mfululizo kwa vipande vya sekunde 10 kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huhamishia diskini vile tu vilivyoguswa na mwendo. Hakuna kuamka kwa kuchelewa.

Kanda za arifa, yaani maeneo unayochora kwenye picha ili simu ilie mtu akiingia humo, zina siri moja inayofaa kujulikana kabla ya kuchora. Programu haiangalii kama mwili wa mtu umegusa kanda. Inaangalia sehemu ya katikati ya ukingo wa chini wa kisanduku kinachomzunguka, yaani miguu. Kwa hiyo kanda huchorwa ardhini. Nimechora moja kuanzia kizingiti cha geti hadi ngazi za mlango. Mpita njia ambaye kichwa na mabega yake yanaonekana juu ya geti halizi simu tena, maana miguu yake iko barabarani.

Uhakika wa kumtambua mtu, unaopimwa kwa 0 hadi 1, nimeuacha 0.7 mchana. Kwenye ua wa nyuma kulikuwa na kiti chenye koti ambacho usiku kilihesabiwa mtu kwa uhakika mzuri tu. Nimehamisha kiti.

Jumanne

Usalama wa kamera zenyewe; nimeandika kwa kifupi ila kazi imekula jioni nzima. Manenosiri ya kiwandani yote yamebadilishwa. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi kwa wingi ajabu kwa kujaribu tu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani, na jeshi hilo likatumiwa kuangusha huduma kubwa za intaneti. Nimetenga kamera zote za kebo kwenye mtandao wao wenyewe usiotoka nje. Zinazungumza na kompyuta ya kurekodi, basi.

Ukizifungia nje ya intaneti zinapoteza pia chanzo cha saa, na saa ya kamera huteleza. Nimefanya kompyuta ya kurekodi iwe seva ya kutoa saa na kuzielekeza kamera zote huko. Ni jambo dogo mpaka utake kufuata mtu kutoka kamera ya geti kwenda ya nyuma na ukakuta amefika nyuma kabla hajaingia getini.

Jumamosi

Jaribio la kutembea. Mdogo wangu kaingia kwa hatua za kawaida, akakimbia, akaja amejikunyata kando ya ukuta, akaja na mwavuli umefunika kichwa. Mchana, halafu tena usiku.

"Kaka, hapo umeniona?"

Zote zimerekodiwa. Arifa zimekuja zote isipokuwa ya mwavuli usiku. Modeli imeona mwendo, haikuona mtu. Hapo ndipo zile orodha mbili zinapolipa: simu haikulia, lakini clipu ipo, nzima, kuanzia getini.

Diski sasa inatoa matumaini. Kamera za kebo zikirekodi wastani wa saa mbili kwa siku kila moja, ni gigabaiti 3.6 kwa kamera, 10.8 kwa tatu, 324 kwa siku 30. Inabaki nafasi ya kutosha kuhifadhi hata siku mbili za rekodi mfululizo, na nimeiweka hivyo: siku mbili za mwisho kila kitu, zinazotangulia mwendo tu, matukio yenye mtu yakae mwezi mzima.

Yaliyobaki: betri ya akiba kwa kompyuta na kwa swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za kamera na kuzipa umeme, maana umeme ukikatika kamera tatu zinazimika kwa pamoja na kubaki ile ya betri peke yake. Kamera ya mlango ihamishwe chini kidogo, kofia zinaficha nyuso. Na nijaribu kushusha uhakika wa kumtambua mtu hadi 0.6 kwa kamera ya geti usiku tu, nione mwavuli utapita au nondo watarudi.